Sura ya Tano: Vinywa na Vinyungu

Msafiri apitaye nchi ya Ubena mwezi wa Agosti, wakati mvua zilizokoma Mei zimekwisha sahauliwa na zile za Novemba bado ni tumaini tu, huviona vilima vimevaa rangi moja ya kahawia, mabua ya mahindi yamesimama makavu, na vumbi jekundu limeshika majani ya mianzi iliyopandwa kwa ajili ya pombe ya ulanzi; lakini ateremshapo macho mabondeni, mahali ambapo maji ya vijito hukawia kabla ya kushika njia yao, huona vipande vya kijani vilivyotandazwa kama mikeka, vyenye mahindi mabichi, maharage na mboga, na watu wameinama humo na majembe kana kwamba kiangazi hakikuwahusu. Vipande hivyo huitwa vinyungu, na katika kata ya Kitandililo, iliyo chini ya Halmashauri ya Mji wa Makambako, kama katika sehemu nyingi za mikoa ya Njombe na Iringa, kinyungu ndicho kinachoivusha familia mpaka mavuno yajayo katika miezi ile ambayo kihenge kimeanza kutoa mwangwi. Shamba la mlimani laweza kupanuliwa kwa kufyeka, au likaachwa lipumzike na jingine likafunguliwa. Kinyungu hakipanuki, kwa kuwa bonde lina upana liliopewa na maji, na mwenye wana watatu hawezi kulifanya bonde moja kuwa matatu. Kwa hiyo atakaye kuzungumza juu ya wingi wa watu na uchache wa riziki hana haja ya kuanzia London, ijapokuwa ilimu yenyewe ilipata sifa yake huko. Aweza kuanzia ukingoni mwa kinyungu, akapandisha mlima taratibu, akaona mwenyewe ni maneno gani ya wanazuoni wale wa kale yanayosimama na ni yapi yanayoteleza matopeni.

Thomas Robert Malthus, ambaye jina lake limekuwa kama jina la hofu yenyewe, alizaliwa mwaka 1766 katika jimbo la Surrey, kusini mwa Uingereza, mwana wa bwana mwenye nafasi aliyependa vitabu na mazungumzo. Baba yake, Daniel, alikuwa mmoja wa watu waliosadiki kwamba binadamu yuko njiani kuuelekea ukamilifu, kama walivyoandika William Godwin huko Uingereza na Condorcet huko Ufaransa; mwana hakusadiki, na katika mabishano ya baba na mwana, yaliyofanywa kwa adabu na mapenzi, ndimo kilimotoka kitabu kidogo kilichochapishwa mwaka 1798 bila ya jina la mwandishi, juu ya kanuni ya wingi wa watu. Yamkini hapana mabishano mengine ya sebuleni yaliyoigharimu dunia wino mwingi kuliko hayo.

Hoja yake ni nyepesi kusemwa na nzito kukanushwa. Watu, wasipozuiwa na kitu, huongezeka kwa kuzidishwa, mmoja akawa wawili, wawili wakawa wanne, wanne wakawa wanane. Chakula, hata ardhi ikilimwa kwa bidii zote, huongezeka kwa kujumlishwa, fungu moja likawa mawili, mawili yakawa matatu, matatu yakawa manne. Baada ya vizazi vichache tofauti baina ya safu hizi mbili za hesabu huwa kubwa mno, na madhali tarakimu hailiwi, sharti jambo fulani liingilie kati liwarudishe watu katika kadiri ya chakula chao. Jambo hilo Malthus aliliita kizuizi, akavigawa vizuizi mafungu mawili: vile vinavyopunguza kuzaliwa, ambavyo katika toleo la pili la mwaka 1803 alivipa heshima zaidi kwa kumsifu mtu anayejizuia asioe mpaka awe na uwezo wa kulisha, na vile vinavyozidisha kufa, yaani njaa, maradhi na vita. Alikuwa kasisi, na hila za kuzuia mimba ndani ya ndoa alizihesabu kuwa uovu. Yeye mwenyewe aliitii kanuni yake, kwani alioa mwaka 1804 akiwa na umri wa miaka 38, akajaaliwa watoto watatu. Mwaka uliofuata alipewa ualimu katika chuo cha Kampuni ya East India, ambamo vijana waliotumwa kwenda kuitawala Bara Hindi walifunzwa naye hesabu hizo, na hivyo nadharia iliyozaliwa baina ya baba na mwana ikavuka bahari pamoja na serikali.

Kasi ya watu kuongezeka mara dufu kila baada ya miaka 25 Malthus aliichukua kutoka Amerika ya Kaskazini, ambako ardhi ilikuwa tele kwa wahamiaji (ingawa wenyewe walionyang'anywa hawakuuona utele huo), akaitaja kuwa mfano wa watu wanaoongezeka pasipo kizuizi kikubwa. Tuipime kasi hiyo kwa hesabu ya kwetu. Sensa ya mwaka 1967 iliwakuta watu milioni 12.3 katika Tanzania; kwa mwendo wa Malthus wangalikuwa karibu milioni 25 mwaka 1992, wakawa milioni 49 mwaka 2017, na yapata milioni 56 katika mwaka 2022. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Nchi yetu, basi, imekwenda mbio kuliko makoloni yale aliyoyatolea mfano, imezidi mara tano katika miaka 55, na katika muda huohuo maisha ya mtu yamerefuka, na watoto wanaofikia umri wa kwenda shule ni wengi kuliko wale wa zama za babu zao. Hapo msomaji mwepesi wa kuhukumu atasema kwamba kasisi amekanushwa na shauri limekwisha. Lakini shauri halijaisha, kwa sababu hesabu ya nchi nzima huficha mambo ambayo hesabu ya mkoa mmoja huyafichua.

Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, ulihesabiwa watu 702,097 katika sensa ya mwaka huo. Na katika miaka 10 iliyotangulia sensa hiyo watu wake walikuwa wakiongezeka kwa asilimia 0.8 tu kwa mwaka, ilhali nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 2.7. Lifikiriwe jambo hili. Huu ni mkoa wenye mvua zisizokosa ahadi mara nyingi, wenye mahindi ya kula na ya kuuza, wenye viazi mviringo vinavyoliwa Dar es Salaam, na kumbe ulikuwa nyuma kabisa katika kuongeza watu. Kama ingekuwa kweli, kama alivyofundisha Malthus, kwamba mahali palipo na chakula watu huongezeka mpaka wakakimaliza, basi vilima vya Ubena vingalijaa zamani. Sababu ya kutojaa iko katika historia, nayo, kwa muda wa miaka mia na zaidi, ni historia ya uchache, kiasi kwamba mtu angewaambia mababu wa Kitandililo kwamba wasiwasi mkubwa wa ulimwengu ni watu kuzidi, wangalimtazama kama anayelalamika mvua wakati wa ukame.

Kwanza ulikuja ugonjwa wa sotoka, ulioingia Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuyafagia makundi ya ng'ombe yaliyokuwa akiba, mahari na samadi ya watu wengi. Kisha ikaja vita ya Majimaji. Iliwashwa Umatumbi mwezi wa Julai 1905, na mwezi wa Septemba ilikuwa imekwisha fika Ubena, ambako watu wa chifu Mbeyela waliishambulia misheni ya Kilutheri ya Jakobi, karibu na Njombe. Na Wajerumani, walipoona kwamba adui asiyesimama uwanjani hawezi kumalizwa kwa bunduki, waliamua kupigana na chakula chake. Vijiji vilichomwa, vihenge vilichomwa, mazao yalitwaliwa au yakaunguzwa yakiwa shambani, na waliokimbia porini hawakuachwa warudi kupanda. Serikali ya Kijerumani ilikadiria kwamba waliokufa katika eneo lote la vita walikuwa 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wamekadiria mpaka 250,000 au 300,000, na wengi wao walikufa baada ya milio ya bunduki kunyamaza. Njaa, maradhi na vita, vizuizi vyote vitatu vya kasisi yule, vilikutana mahali pamoja katika miaka miwili. Walakini hakuna hata kimoja kilicholetwa na wingi wa vinywa, kwa kuwa njaa hiyo ilitiwa kwa kiberiti, tena kwa amri, na ghala zilizochomwa zilichomwa kwa sababu zilikuwa na chakula.

Yaliyofuata yanastahili kukaziwa macho zaidi, kwa sababu yanaigeuza hoja ya Malthus juu chini. Mwaka 1977 Helge Kjekshus, Mnorwe aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba watu wa Tanganyika kabla ya ukoloni walikuwa wameishikilia nchi kwa jembe, moto na mifugo, wakiuzuia msitu na wadudu wake kwa kazi ya kila mwaka. Na kwamba watu walipopungua kwa sotoka, vita na njaa, nchi iliwaponyoka. Kichaka kilirudi, wanyama wa mwitu wakarudi pamoja nacho, na katika nchi za tambarare mbung'o akaingia mahali palipokuwa na zizi. Watu walikuwa wachache kuliko zamani, na chakula cha kila mmoja wao, badala ya kuzidi kama hesabu ya mgawanyo inavyodai, kikapungua. Fundisho hili si geni kwa waliomsoma Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kuwapoteza wazazi wake katika tauni iliyofika huko akiwa kijana wa miaka 16 au 17. Katika Muqaddima yake ya mwaka 1377 alisema kwamba kazi ya wengi walioshirikiana hutoa riziki kuliko mahitaji yao wenyewe, na kwamba mji unapopungukiwa na watu hata mito na chemchemi zake hukauka kwa kukosa wa kuzifukua. Malthus aliona Uingereza ikijaa akaogopa kujaa. Ibn Khaldun aliona Maghribi ikimalizika akaogopa kumalizika. Na haikosi kwamba kila mmoja alisema kweli ya dirisha alilochungulia.

Baada ya vita ya Majimaji wanaume wa Njombe hawakuachwa watulie. Vita Kuu ya Kwanza iliwachukua kuwa wapagazi, na baada yake kodi, ambayo ililipwa kwa fedha na si kwa mahindi, iliwatafutia njia ya kwenda kule fedha iliko: mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na baadaye mashamba ya chai ya Mufindi. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika lao la kuandika vibarua, lililojulikana kwa jina la SILABU, na wilaya ya Njombe ikawa mojawapo ya visima walivyochotea. Walioandikwa waliitwa manamba, kwa ile namba aliyopewa kila mtu, na hadithi za manamba bado zimo katika familia nyingi za Ubena. Wakoloni wa wakati huo walipenda kueleza kwamba watu huondoka kwa sababu nchi yao haiwatoshi. Ukweli ni kwamba nchi iliwatosha. Kilichopungua ilikuwa shilingi ya kodi, na reli haikupelekwa kwao ili wapate kuuza mazao yao na kuipata shilingi hiyo nyumbani. Kijiji kilichobakiwa na wazee, wanawake na watoto kina vinywa pungufu, lakini mikono iliyopungua ni mingi zaidi, na shamba hujua tofauti ya mambo hayo mawili upesi kuliko mwanachuoni.

Tofauti hiyohiyo ilikuja kuonekana tena kwa uchungu mkubwa zaidi katika siku zetu. Utafiti wa miaka ya 2011 na 2012 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Njombe watu 14.8 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 mpaka 49 walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, wakati wastani wa Tanzania ulikuwa 5.1, na Makambako, mji wa njia panda ambapo barabara kuu ya Zambia huachana na ile ya Njombe na Songea, mji wa malori, wa nyumba za wageni na wa biashara isiyolala, haukuwa na ngome dhidi yake. Mtu mwenye moyo mgumu angesema hicho ndicho kizuizi alichokitabiri Malthus. Lakini maradhi haya hayakuchagua vinywa vya ziada, kama inavyodhaniwa na nadharia. Yalichagua wale walio katika nguvu zao, wenye kulima, kufundisha na kulea, yakawaacha bibi na wajukuu nyumbani na jembe limeegemea ukuta. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure, mambo yamebadilika. Utafiti wa 2022 na 2023 bado uliikuta Njombe katika asilimia 12.7, juu kuliko mikoa mingine, na wasomaji wa magazeti walisikitika. Walakini sehemu ya ukubwa wa tarakimu hiyo ni heri, kwa sababu wanaohesabiwa ndani yake ni watu walio hai ambao zamani wangalikuwa makaburini. Na sensa ya 2022 iliwakuta watu wa mkoa wamefika 889,946, ikiwa ni ongezeko la zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka. Uchache unaanza kuondoka.

Sasa, uchache unapoondoka, ni nani katika wazee wale wa ilimu ya uchumi atakayetufaa? Nadhani si Malthus. Ni rafiki yake.

David Ricardo, aliyezaliwa mwaka 1772, hakuwa kasisi wala mwalimu. Alikuwa mfanya biashara wa hati za fedha, aliyetajirika akiwa bado kijana, akanunua ardhi, akaingia Bungeni mwaka 1819, akafariki mwaka 1823 akiwa na umri wa miaka 51. Yeye na Malthus waliandikiana barua kwa miaka mingi wakipingana karibu katika kila jambo, na hawakukosana, jambo ambalo ni nadra kwa wanazuoni na ni nadra zaidi kwa marafiki. Ricardo aliikubali hofu ya Malthus juu ya wingi wa watu, lakini aliuliza swali ambalo kasisi hakulitilia mkazo: ardhi inapokuwa haba, nani hufaidika? Katika kitabu chake cha mwaka 1817 alieleza kwamba watu huanza kulima ardhi iliyo bora. Wakizidi, hupanda kwenye ardhi ya daraja la pili, na hapo mwenye ile ya kwanza huanza kupata kodi bila ya kuongeza jasho hata tone moja, kwa kiasi cha tofauti ya mavuno baina ya ardhi hizo mbili. Wakizidi tena, hupanda kwenye ya daraja la tatu, na kodi ya waliotangulia huzidi. Mlimaji wa mwisho, aliye juu kabisa ya mlima penye mawe, hupata chakula tu.

Hakuna haja ya kusafiri kuiona kanuni hii. Kinyungu ni ardhi ya daraja la kwanza, maana huvunwa wakati wengine hawana. Mteremko wa karibu na nyumba, unaofikiwa na samadi, ni wa pili. Na shamba la mbali, linalotaka mwendo wa asubuhi kulifikia, ni la mwisho. Lakini Ricardo hakuutilia mkazo upande mwingine wa jambo, alioueleza Mjerumani Johann Heinrich von Thünen mwaka 1826, kwamba ubora wa shamba hupimwa pia kwa umbali wake na soko. Makambako ni ushahidi wake. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ilipita hapo, na barabara ya lami ikapita sambamba nayo. Tangu siku hiyo udongo uleule, wenye rutuba ileile, ukawa na thamani moja ukiwa kando ya barabara na thamani nyingine ukiwa nyuma ya vilima viwili. Mkulima wa ndani, ambaye lori humfikia kwa shida wakati wa mvua, huuza viazi vyake kwa lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu ya mdomo wake likabeba debe na zaidi la viazi visivyolipiwa, na ingawa sheria ya vipimo inalikataza, dalali hujua kwamba mwenye viazi vinavyooza hana muda wa kubishana. Kilemba cha lumbesa, kwa maoni yangu, ni kodi ya Ricardo iliyovaa nguo za sokoni: anailipa aliye mbali, anaipokea aliye karibu na njia.

Rafiki hawa wawili waligombania pia sheria za nafaka. Mwaka 1815 Bunge la Uingereza lilizuia ngano ya nje isiingie mpaka ile ya ndani ifikie bei ya juu. Malthus aliunga mkono, akitaka nchi ijilishe yenyewe, na Ricardo alipinga, akisema kwamba wanaonenepeshwa ni wenye ardhi na wanaokondeshwa ni wanunuzi wa mkate. Kwetu mchezo huo umechezwa kwa kinyume chake. Mara kadhaa serikali, kwa kuogopa njaa, imezuia mahindi yasiuzwe nje ya mpaka, kama ilivyofanya mwaka 2017, na bei ikaporomoka katika nyanda za juu za kusini wakati ghala za wakulima zilikuwa zimejaa. Aliyenunua unga mjini alipata nafuu. Aliyelima Kitandililo na kununua mbolea kwa bei ya dunia alikitazama kihenge chake kilichojaa kama anayetazama deni. Sheria ya Uingereza ilimkinga mwenye ardhi, na zuio la kwetu lilimkinga mlaji, na katika nchi zote mbili aliyeamua juu ya chakula hakuwa yule aliyekilima.

Nimesema kwamba shamba la mlimani laweza kuachwa lipumzike. Nilipaswa kusema liliweza. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ilipowakusanya watu waliokuwa wametawanyika, mashamba ya karibu na kijiji yalilimwa mfululizo, na yale ya mahameni yakawa mbali na miguu. Msongamano ambao Malthus aliungoja kutoka kwa uzazi ukaletwa na amri katika msimu mmoja. Watu hawakufa kwa hilo, na sababu zake zapatana na yale aliyoyaandika Mdenmark Ester Boserup mwaka 1965, kwamba watu wanapobanana huongeza kazi na maarifa juu ya ardhi ileile, kwa hiyo wingi waweza kuwa mama wa kilimo badala ya kuwa mauti yake. Miwati, ambayo Shirika la Maendeleo la Makoloni liliipanda kwa wingi lilipoanzisha kampuni ya TANWAT huko Njombe mwaka 1949 kwa ajili ya magome ya kusindikia ngozi, imeokotwa na wakulima ikafanywa dawa ya udongo: mtu hupanda mahindi na mbegu za miwati pamoja, huvuna mahindi, huiachia miti shamba kwa miaka kadhaa, kisha hukata, hupata mkaa wa kuuza, na hukuta ardhi imerejewa na nguvu, kwa maana mmea huo ni wa jamaa ya kunde na mizizi yake huutia udongo naitrojeni. Hivyo shamba lililopumzika halikukaa bure hata siku moja. Nawaheshimu wakulima hawa kuliko mabwana shamba wengi niliowasikia.

Lakini mwenye nusu ekari hawezi kungoja miwati miaka minane. Huyo hutegemea mbolea ya kupandia na ya kukuzia, na ndani ya mfuko wake wa kilo 50 limo jawabu kubwa kuliko yote aliyopata kujibiwa Malthus. Kwa kuwa mwaka 1909 Fritz Haber aliweza kuikamata naitrojeni iliyo katika hewa na kuifanya amonia, kiwanda cha kwanza kikafunguliwa Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, na sehemu kubwa ya watu bilioni 8 waliofikiwa duniani mwezi wa Novemba 2022 wanakula kwa fadhila ya ufundi huo. Ufundi wenyewe unakula gesi. Mwaka uleule wa 2022, vita ilipozuka Ukraine na bei ya gesi na mbolea ikapaa, serikali ya Tanzania ililazimika kurudisha ruzuku, na mkulima aliyesimama katika foleni na namba yake ya usajili mkononi alikuwa amefungwa na vita ya watu ambao lugha yao hajapata kuisikia. Mpaka wa ardhi umesogezwa, ndiyo, ila umesogezwa ukapelekwa mahali asipoweza kuulinda mwenyewe.

Kuhusu uzazi nitasema machache, kwa sababu mengi yamesemwa na wanaume wasiozaa. Wastani wa watoto kwa mwanamke wa Tanzania ulikuwa zaidi ya 6 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na utafiti wa 2022 uliukuta 4.8, bila ya njaa na bila ya kuhubiriwa na kasisi yeyote juu ya kuchelewa kuoa. Chama cha UMATI kimefanya kazi ya uzazi wa mpango tangu mwaka 1959. Lakini hata kabla ya chama chochote, wazee wetu walikuwa na neno kali kwa wazazi waliopata mimba nyingine kabla ya mtoto kuachishwa ziwa; walisema wamembemenda, na aibu ya neno hilo ilitosha kumweka mume mbali kwa miaka miwili. Malthus angeliliandika neno hilo katika kitabu chake kwa furaha, kama angelijua, kwa kuwa alitafuta dunia nzima mifano ya watu wanaojizuia kwa hiari, akadhani kwamba ni watu wachache mno nje ya Ulaya walio na subira hiyo.

Turudi bondeni. Tuseme baba mwenye kinyungu cha hatua 90 kwa marefu ana wana watatu, na kwamba amefika umri wa kugawa. Kwa hesabu ya Malthus wana hao watapata hatua 30 kila mmoja na wajukuu hatua 10, na baada ya hapo njaa. Mambo hayaendi hivyo. Wa kwanza hupanda basi kwenda Dar es Salaam na huwa mtu wa Desemba, anayeonekana wakati wa sikukuu akiwa na viatu visivyojua matope. Wa pili huendesha bodaboda Makambako, hubeba abiria baina ya stesheni na soko, na hupita mara kwa mara kando ya vihenge vya chuma vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, vinavyohifadhi mahindi ya watu wengi asiowajua. Wa tatu hubaki na jembe. Yeye hulima hatua zote 90, zake na za ndugu zake, na kila mwaka mahindi mabichi yakisha kuuzwa, hupima madebe mawili, akampelekea wa pili mkononi na akamtumia wa kwanza fedha za debe lake kwa simu, bila ya maandishi na bila ya kuambiwa na mtu. Na mwaka ambao ukungu umeuharibu mmea, huyo wa Dar es Salaam hupiga simu mwezi wa Oktoba, huuliza habari za mama, huuliza habari za mvua, kisha hukaa kimya kidogo kabla ya kuuliza habari za kinyungu.